Fimbo Haijawahi Kuotesha Pamba

Bariadi haina uhaba wa maneno ya kumsukuma mtu aliyechoka. Yamebandikwa nyuma ya bodaboda zinazotoka Somanda kwenda Nyakabindi, yanahubiriwa Jumapili, na kwenye makundi ya WhatsApp yanafika kabla jogoo hajawika: pambana na hali yako, jikaze kisabuni, maisha ni vita. Kaulimbiu za serikali nazo zimepita njia hiyohiyo, tangu Uhuru na Kazi ya mwanzoni mwa uhuru, Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, hadi Hapa Kazi Tu ya mwaka 2015. Kuhimizana kazi si kosa. Tatizo liko kwenye imani iliyojificha chini ya maneno hayo, kwamba binadamu kaumbwa mvivu, hivyo sharti ajisimamie mwenyewe kwa kiboko, na siku atakapoacha kujikaripia ndiyo siku jembe lake litakapoanza kuota kutu.

Imani hiyo ina mashabiki kila kona ya Simiyu. Mwalimu anayo, mchungaji anayo, baba mwenye nyumba anayo, na mhamasishaji anayealikwa kuzungumza na vijana anaiuza kwa bei nzuri. Ukimwambia mmoja wao kwamba mtu aliyeshindwa anatakiwa kujihurumia, atakucheka. Atasema hayo ni mambo ya walioshiba. Makala hii inasema wamekosea, na wamekosea pale pale wanapojiona wana uhakika zaidi: kwenye kazi.

Lakini kwanza wenye hoja hiyo wasitwishe upande wa pili mzigo usio wake. Anayetetea kujihurumia hamtetei anayelala hadi saa nne wakati majirani wamemaliza palizi ya kwanza. Huko ni kujidekeza, na mtu anayejidekeza hahitaji wakili. Kujihurumia ni jambo jingine kabisa, na huanza pale mtu anapokosea au kuangukiwa. Ni kujisemesha kama ambavyo angemsemesha jirani aliyepatwa na jambo hilohilo, kukumbuka kwamba hakuanza yeye kuanguka wala hatakuwa wa mwisho, kisha kulitazama kosa kwa ukubwa wake halisi, bila kulitia chumvi na bila kulifunika. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas aliyaandika mambo hayo matatu mwaka 2003 na kutengeneza kipimo chake, ambacho watafiti wa nchi nyingi wanakitumia hadi leo. Mama wa Dutwa hakuhitaji profesa ili ajue la kumwambia jirani ambaye mbuzi wake wamekufa. Atamwambia, “Pole mayu, mwaka huu umetupiga wengi,” kisha atamuuliza kama dawa ya minyoo aliwapa lini. Huruma na swali la maana vinatoka kwenye kinywa kimoja. Wakifa wa kwake, hujiita mjinga, na swali la dawa halifiki kabisa.

Tuje kwenye pamba, maana anayezungumzia Simiyu bila pamba amezungumzia mkoa mwingine. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012, kwa kumega Shinyanga na kipande cha Mwanza, ndio kinara wa zao hilo nchini. Msimu wa 2019/2020 Tanzania ilipata karibu tani 349,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata hazikufika hata tani 125,000. Karibu theluthi mbili ya zao zima iliyeyuka ndani ya mwaka mmoja. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 zilikuwa kubwa kupita kiasi, ndizo hizohizo zilizolijaza Ziwa Victoria hadi likavunja rekodi ya mwaka 1964. Wadudu walikuwepo. Na kulikuwa na mioyo iliyovunjika: mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wakakaa miezi wakidai fedha zao.

Mweke hapo mkulima mmoja wa Ngulyati. Amelima ekari tatu, mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unasoma kilo mia mbili na ushei. Njiani kurudi nyumbani anawaza nini? Hawazi Ziwa Victoria, wala bei ya pamba New York. Anawaza kwamba yeye ni mzembe, kwamba baba yake aliwahi kusema hivyo, na kwamba shemeji zake wakisikia watacheka. Kanda nzima imeanguka, yeye anadhani kaanguka peke yake.

Shabiki wa kiboko atasema hilo ndilo jema, kwa kuwa uchungu utampa bidii mwakani. Basi na tumtazame mwakani. Pamba haikaguliwi kwa kusimama barabarani. Ili kujua kama funza wa vitumba ameingia, mkulima anapaswa kuingia shambani asubuhi, ashike mche mmoja baada ya mwingine, apekue vitumba kwa vidole akitafuta tundu dogo lenye uchafu wa funza pembeni, ageuze na majani kuona kama chawajani wamejipanga upande wa chini. Ni kazi ya kuutazama ubaya usoni, kila wiki. Aliyekwisha kujihukumu kuwa mzembe ana kila sababu ya kuikwepa, kwani kila tundu atakaloliona ni shahidi mpya katika kesi aliyojifungulia. Kwa hiyo anapuliza dawa kwa kubahatisha, au anangoja apulize jirani. Afisa ugani akipita na pikipiki yake na kuuliza, jibu ni fupi: “Shamba liko vizuri, mtaalamu.”

Hapo ndipo falsafa ya kiboko inapovunjika mguu. Inadhani maumivu humfundisha mtu kurekebisha. Kabla ya hapo humfundisha kuficha, na somo hilo hulishika upesi zaidi.

Kuficha huku hakuishii shambani. Nchi nzima sasa inaijua mikopo ya kausha damu, ile inayotolewa bila maswali mengi na kudaiwa rejesho kila siku au kila wiki. Mwanamke mwenye genge la nyanya anachukua laki mbili. Wiki ya tatu nyanya zinaoza, rejesho linakosekana. Mtu huyu bado ana njia: kwenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, kumwambia mumewe, kuomba apunguziwe. Zote zinahitaji kufungua mdomo. Yeye anajiambia ni aibu yake, amejitakia, akae nayo. Anachukua mkopo wa pili kuziba wa kwanza, halafu wa tatu. Mume anapata habari siku kabati na televisheni vinapopakiwa kwenye guta mbele ya majirani. Huyu mama hakukosa bidii wala hakukosa kujikaripia, alijikaripia usiku kucha. Alichokosa ni dakika moja ya kujiona kama mtu wa kawaida aliyekwama, ambaye anaweza kumwambia mwenzake, “Dada, nimekwama.”

Vivyo hivyo kwa mama anayeacha kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu mwezi uliopita uzito ulishuka na anajua atasemwa. Kadi inabaki chini ya godoro, na mtoto anaendelea kukonda.

Shuleni ndiko sauti hii ya kujikaripia inakofunzwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kanuni za viboko zinampa mkuu wa shule mamlaka ya kuchapa hadi viboko vinne. Nje ya kanuni, kila aliyesoma anajua hesabu ilikuwaje. Mtoto anahitimu, mwalimu anabaki nyuma, lakini karipio linakwenda naye nyumbani, linaoa, linalima, linafungua duka. Watetezi wa fimbo wanaliita hilo nidhamu. Na hapa Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake wana la kusema: mwaka 2018 walichapisha matokeo ya jaribio katika shule za sekondari za serikali, ambako walimu walipewa mafunzo ya muda mfupi ya kusimamia wanafunzi bila ukatili. Vipigo vilipungua. Shule hazikuporomoka.

Na yupo anayekumbuka Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri, zaidi ya nusu ya wote waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Taifa likaanza kutafuta mchawi, na kwa vijana wenyewe mchawi alipatikana haraka: mimi. Waliitwa vilaza, wakajiita vilaza. Mei mwaka huohuo serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya, kwa sababu utaratibu mpya wa kupanga madaraja ulikuwa umetumika. Kwa zaidi ya miezi miwili, basi, kuna watoto waliojichapa kwa hukumu ambayo waliowahukumu waliifuta. Wengi walibaki na sifuri yao hata baada ya marekebisho, hilo ni kweli. Lakini hata kati ya hao, wengi walikuwa wametoka kwenye shule zisizo na walimu wa hisabati wala maabara, na kujiita kilaza hakukumpa hata mmoja wao mwalimu wa fizikia.

Je, angejihurumia angerudi kusoma? Swali hilo limepimwa. Mwaka 2012, mwaka uleule, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Wengi walifanya vibaya. Kundi moja likaelekezwa kulitazama anguko lile kwa huruma na kukumbuka kwamba ni la kawaida. Kundi jingine likapewa maneno ya kuwapandisha kichwa kwamba wao ni werevu. La tatu halikuambiwa kitu. Kisha wote wakaachwa wajiandae kwa mtihani wa pili kwa muda wautakao. Waliojihurumia ndio waliokaa na vitabu muda mrefu kuliko wengine. Nchini Kanada, Michael Wohl na wenzake walikuwa wameona jambo la aina hiyo mwaka 2010: wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya ule uliofuata. Hizi si hadithi za mapadri. Zinasema kinyume kabisa cha kile ambacho mhamasishaji wa ukumbini analipwa kukisema.

“Hao ni Wazungu,” atajibu. “Msukuma ni mtu wa kazi, hajui kubembelezwa.”

Hoja hii inapendeza masikioni, lakini historia ya Usukuma yenyewe inaikana. Waingereza walifikiri hivyohivyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 waliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na makao yake yalikuwa Malya. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kutia samadi, kupanda muhogo, kupunguza mifugo. Asiyetii alipigwa faini barazani. Wataalamu walikuwepo, fedha zilikuwepo, fimbo ilikuwepo. Wakulima wakagoma, kwa kelele na kwa ukimya, na kufikia mwaka 1958 serikali ya kikoloni ililazimika kulegeza amri zile. Matuta mengi yalisambaratika mara tu msimamizi alipogeuza mgongo. Katika miaka hiyohiyo, wakulima haohao walioitwa wakaidi walikuwa wanaongeza pamba mwaka hadi mwaka na kujenga vyama vyao vya ushirika, ambavyo Paul Bomani aliviunganisha mwaka 1955 kuwa muungano mkubwa wa vyama vya pamba wa Kanda ya Ziwa. Hapakuwa na mtu aliyewachapa ili wajenge ushirika.

Tena, kazi ya Msukuma haikuwahi kuwa ya mtu mmoja anayejisonya gizani. Vijana walilima kwa makundi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, ngoma ikiwa pembeni ya shamba na mwimbaji mbele. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vikakutana kushindana kucheza. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alikusanya nyimbo hizo za kazi na kuzichapisha katika kitabu kinene mwaka 2010. Na tuseme kweli: ndani yake mvivu anasutwa bila simile. Lakini anasutwa hadharani, katikati ya kicheko, na watu ambao baadaye watakula naye. Wimbo ukiisha, suto limeisha. Karipio la moyoni halina kiitikio wala mwisho, na hakuna anayeleta pombe jioni.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni nyingine, na haipaswi kurukwa. Watu wenye busara huuliza: mkiwafundisha watu wa huku wasijilaumu, si mtawafungulia mlango wa kumlaumu mwingine? Kanda hii ina kidonda. Vikongwe wameuawa Shinyanga, Mwanza na Simiyu kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyobabuliwa na moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Mtoto akifa, ng'ombe wakiisha, mganga anaulizwa nani kafanya, na jibu huwa na jina.

Ni kweli, na ndiyo maana hoja hiyo inawageukia wenyewe. Nani hukimbilia kumtafuta mchawi? Ni yule ambaye kosa likibaki mikononi mwake litamuua. Mahali ambapo kushindwa ni sawa na kuwa si mtu, hakuna anayeweza kusema “nilichelewa kumpeleka mtoto hospitali” akabaki amesimama. Sentensi hiyo nzito inataka mtu mwenye uhakika kwamba akiisema hataangamia, si mbele ya ukoo wala mbele ya nafsi yake. Basi lawama inatafuta mgongo mwingine, na mgongo dhaifu kuliko yote ni wa bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Mila inalaumiwa, waganga wapiga ramli wanalaumiwa, na wanastahili. Lakini wanaomsaidia mganga kupata wateja ni wale wanaofundisha kuwa kukosea ni fedheha isiyovumilika.

Sheria yetu imebeba fikra hiyohiyo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai. Mtu amefika mwisho wa kujichapa, jamii inamngoja mlangoni na fimbo nyingine. Matokeo yake ni yaleyale ya mkulima na funza: familia zinaficha, daktari anaambiwa mgonjwa alikunywa dawa ya pamba kwa bahati mbaya. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kinapingana na katiba.

Je, itafanyikaje katika maisha ya siku kwa siku, kwa mtu asiye na muda wala mshauri nasaha? Zimbabwe wametoa jibu moja. Tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza kina bibi wa vitongoji vya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hambembelezi mtu. Anamsikiliza, kisha anamuuliza: kati ya haya yote, tuanze na lipi?

Swali hilo mtu anaweza kujiuliza mwenyewe akiwa anarudi kutoka mzanini. Kwanza ajiulize angemwambia nini kaka yake aliyepata kilo zilezile, ajiambie hayo hayo, hata kwa kunong'ona. Kisha achukue daftari la mtoto, aandike tarehe aliyopanda, kama alipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 au alitawanya mbegu, na siku alizopuliza dawa. Masalia ya pamba yanatakiwa kung'olewa na kuchomwa ifikapo Septemba 15. Kabla ya hapo amwonyeshe mtu mmoja daftari lile. Mmoja anatosha, ilimradi si yule shemeji.

AMCOS nazo zingeweza kujaribu jambo moja ambalo haligharimu hata shilingi. Mikutano yao kwa desturi huwasimamisha waliovuna nyingi ili wapigiwe makofi, wakulima bora wapewe bomba la kupulizia au jembe. Makofi hayo yaendelee. Lakini wapewe nafasi na waliovuna kidogo, waseme bila kuchekwa ni wiki gani waliona majani yakikunjamana na walifanya nini baada ya hapo. Afisa ugani aliyeketi mbele na kalamu yake angetoka na habari ambazo kwa miaka mingi amekuwa akinyimwa kila anapouliza na kujibiwa kwamba shamba liko vizuri, na angejua ni kijiji kipi apeleke dawa kwanza.